Kasiksi na Kizibo

Kibuyu cha pombe hakifungwi kikakazwa. Mdomoni huwekwa jani la mgomba lililokunjwa au kishungi cha nyasi, na gesi inayotoka katika kinywaji hujipenyeza ikaenda zake. Kwa vizazi vingi watu wa Bushi, nchi ya Bashi inayouzunguka mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, waliiweka kasiksi, pombe yao ya ndizi, katika chombo cha namna hiyo. Waliibeba hadi ugenini, wakainywa ikiwa bado inachemka. Chupa ya kioo yenye kizibo cha bati ilifika baadaye sana, ikaja na swali ambalo kibuyu hakikuwahi kuuliza: je, pombe hii imekwisha kuchemka?

Kasha ni mahali pazuri pa kulifuatilia swali hilo. Iko upande wa Bagira, pale ambapo mji wa Bukavu unaanza kuchanganyika na mashamba. Ciriri, mojawapo ya vitongoji vyake, inajulikana hadi Ulaya kwa sababu ya hospitali iliyoanzishwa na Gustav Rau, daktari Mjerumani aliyekuwa pia mkusanyaji mashuhuri wa picha za kuchora. Ukiiacha hospitali, unakutana na miteremko ya udongo mwekundu, mihogo, maharage, na migomba nyuma ya nyumba. Mkazi wa Kasha huuza sokoni Kadutu na kulima kwao, na baa ya jirani humpa vyote viwili: bia ya kiwandani na kasiksi.

Ndizi si mmea wa asili ya Afrika. Zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya huko, zikafika katika nchi za Maziwa Makuu zamani sana, kiasi kwamba wakulima wa nyanda za juu walipata muda wa kuzaa aina zao wenyewe zisizopatikana kokote kwingine duniani. Nyingi kati ya aina hizo ni za kupikwa. Nyingine ni za pombe tu: zikiwa mbichi zina utomvu mkali unaokausha ulimi, na hata njaa haimsukumi mtu kuzipika. Mganda hutengeneza tonto, Mnyarwanda urwagwa, Mhaya wa Bukoba rubisi, na Mchaga wa Kilimanjaro huchanganya ndizi na ulezi akapata mbege. Kasiksi ya Kivu ni ndugu wa tumbo moja na hizo zote.

Huko Bushi mgomba ulikuwa pia hati ya ardhi. Katika desturi ya kalinzi, mtu alitoa ng'ombe au mbuzi kwa mwenye ardhi akapata haki ya kudumu juu ya shamba, haki ambayo wanawe wangeirithi. Aliyeazima shamba kwa msimu, kwa mkataba uitwao bwasa, alipanda maharage au mtama, akavuna akaondoka. Mgomba hakuruhusiwa kuupanda, kwa kuwa mgomba hukaa miaka mingi na anayeupanda anadai kukaa pamoja nao. Kwa hiyo mwenye kasiksi ya shamba lake alikuwa mtu mwenye mahali. Pombe hiyo ilipelekwa kwa chifu, ilipelekwa ukweni, ilimwagwa kwa wazee waliotangulia, na ilisuluhisha kesi za mipaka. Kinywaji chenye kazi nzito namna hiyo hakikuweza kupelekwa kikiwa kitamu kama maji ya watoto, wala kikiwa kimechacha. Kujua siku yake ilikuwa sehemu ya heshima ya nyumba.

Kazi yenyewe huanzia shimoni. Mikungu iliyokomaa lakini bado ya kijani hukatwa, ikavundikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, likafunikwa majani mengine na udongo, na mara nyingi moto mdogo huwashwa pembeni ili joto liingie. Hapa jiografia ina neno lake. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na vilima vya Bukavu viko juu zaidi. Usiku kuna baridi. Ndizi zinazoiva upesi Uvira, kwenye joto la ukingo wa Tanganyika, mita 773 tu juu ya bahari, hapa huhitaji kusaidiwa. Baada ya siku kadhaa maganda huwa manjano, nyama imelainika, wanga umegeuka sukari.

Kisha ndizi humenywa na kutiwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, pamoja na nyasi safi zilizokauka. Hukandwa kwa mikono au kwa miguu iliyooshwa. Nyasi ndizo siri ya kazi: huikamata nyama na utomvu wake, na juisi safi hutengana ikaanza kutiririka. Juisi hiyo ni mutobe, tamu kupita kiasi, na watoto hupewa bila wasiwasi. Bila maji huweza kuwa na sukari inayozidi gramu 200 katika lita moja. Mtengenezaji huongeza maji kwa kipimo chake, na hapo ndipo huamua nguvu ya pombe yake, kwani kila gramu 17 hivi za sukari katika lita zikichemka zote huleta asilimia moja ya kileo. Mutobe uliobaki na gramu 120 ukiisha kuchemka utakuwa na asilimia 7. Anayetia maji mengi anauza zaidi, na wanywaji wanamjua.

Mwishoni huja mtama uliokaangwa kidogo na kusagwa. Unga huo hubeba chachu, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaoila sukari na kuacha kileo na gesi. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kazi ya binadamu huishia hapo.

Kinachofuata ni kusoma. Saa chache baadaye unga wa mtama hupanda juu ukiinuliwa na gesi, ukatengeneza tabaka nene la rangi ya kahawia lenye nyufa, na povu hupenya katika nyufa hizo. Ukiinamisha sikio unasikia mchakacho mwembamba usiokatika. Ukiinamisha pua karibu mno, gesi inakuchoma, unarudi nyuma. Siku ya pili mchakacho huanza kupoa. Povu kubwa jeupe hugeuka mapovu madogo ya hapa na pale, na lile tabaka la mtama, lililokuwa limeelea kwa sababu tu gesi ililisukuma kutoka chini, hulegea pembeni na kuanza kuzama vipande vipande. Hii ni ishara bora kuliko kuhesabu siku, kwa sababu siku hubadilika na baridi, na mvua, na ukali wa chachu, lakini unga hauzami kabla gesi haijapungua.

Ulimi hukamilisha. Mutobe hugusa kwanza ncha ya ulimi kwa utamu. Pombe inayokaribia hushika pande za ulimi kwa uchachu na kuacha joto kooni. Mtengenezaji hachoti mara moja akatoa hukumu. Anaonja asubuhi, anaonja jioni, na anachotafuta ni tofauti kati ya mara hizo mbili. Utamu wa jioni ukiwa mdogo kuliko wa asubuhi, kazi bado inaendelea. Kuna pia kuonja kwa hadhara: mwenye nyumba akimkaribisha mgeni hunywa yeye kwanza, mbele ya macho ya wote. Desturi hiyo husimuliwa zaidi kama kinga dhidi ya sumu, na ndivyo ilivyo, lakini inamweka pia mtengenezaji mahali ambapo hawezi kujificha nyuma ya pombe mbichi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kwa mnywaji wa kibuyu wakati mzuri si mwisho. Ni katikati, karibu na mwisho, wakati utamu umebaki kidogo, gesi bado inachezacheza mdomoni, na uchachu haujatawala. Kasiksi ya namna hiyo ina siku mbili tatu za uhai mzuri. Baadaye hewa huingiza bakteria wanaokigeuza kileo kuwa siki, na chombo chote huenda. Watu wa pwani wanaijua saa ya namna hii katika tembo la mnazi, ingawa lenyewe lina haraka zaidi: lililogemwa alfajiri ni tamu, la jioni ni kali, la kesho yake ni la kupikia. Pombe zote hizi zilizaliwa kwa ajili ya watu walio karibu. Hazikutarajiwa kusafiri wala kungoja.

Bia ya kiwandani ilitarajiwa kufanya yote mawili. Bralima ilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1923, na bia yake ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1926. Kabla ya uhuru wa 1960 kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Bukavu, mji uliokuwa umepewa jina la Costermansville. Katika miaka ya 1950 Ofisi ya Miji ya Waafrika, shirika la serikali ya kikoloni lililoundwa mwaka 1952, ilijenga Bagira kwa nyumba za safu zilizopimwa kwa kamba. Wafanyakazi waliohamia humo walitoka Kabare na Walungu, kwenye migomba ya baba zao, wakajikuta karibu na Primus, bia ya Bralima. Chupa yake kubwa ya sentilita 72 ikawa kipimo cha kila kitu: mafuta ya mawese, mafuta ya taa, asali, na hatimaye kasiksi yenyewe.

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Chupa ya Primus haina tabia ya kibuyu, na bia iliyotengenezewa haina tabia ya kasiksi. Kiwandani bia huachwa ichemke hadi kipimo kionyeshe kwamba sukari inayoliwa na chachu imekwisha. Kisha huchujwa, chachu huondolewa, chupa zilizojazwa hupitishwa kwenye joto linaloua kilichobaki, na gesi iliyomo imepimwa. Kasiksi iliyomiminwa kutoka mtumbwini katika chupa ileile ina chachu hai kwa mamilioni, na pengine ina chakula chake bado.

Ulaya nayo ilichukua muda kuelewa. Mwaka 1767 Joseph Priestley, aliyekuwa akiishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, alining'iniza vijiti vinavyowaka juu ya mapipa ya pombe inayochemka akaona moto unazimika: palikuwa na tabaka la gesi isiyo na uhai juu ya povu, gesi ileile inayochoma pua mtumbwini. Mwaka 1784 Mwingereza John Richardson alieleza namna ya kutumia kipimo kinachoelea ili kujua sukari iliyomo katika maji ya bia. Karl Balling wa Praha alikiboresha mwaka 1843, na vipimo vya namna hiyo vinatumika hadi leo. Kanuni yake ni nyepesi: maji yenye sukari ni mazito, hivyo kipimo huelea juu; sukari ikigeuka kileo, maji huwa mepesi na kipimo huzama. Louis Pasteur alichapisha utafiti wake juu ya bia mwaka 1876, na baada ya hapo hakuna mtengenezaji makini aliyeweza kudai kwamba pombe hujichemkia yenyewe bila kiumbe hai ndani yake. Mwaka 1892 William Painter wa Baltimore akapata hataza ya kizibo cha bati chenye meno, kile kinachookotwa leo chini ya meza za baa zote za Bukavu. Kizibo hicho kilikuja baada ya watengenezaji kupata njia ya kujua bia imekwisha. Kasha ilipokea kizibo bila kipimo.

Hesabu ya gesi inaonyesha ukubwa wa hatari ya kukaza kizibo juu ya pombe ambayo haijaisha kuchemka. Gramu 4 za sukari, kijiko kidogo cha chai kisichojaa sana, zikichemka hutoa karibu lita moja ya gesi. Bia ya kawaida ya chupa hubeba gesi kama mara mbili na nusu ya ujazo wake, na kioo kimetengenezwa kuvumilia hivyo na ziada kidogo. Sasa chukua kasiksi yenye gramu 20 tu za sukari katika lita, kiasi ambacho mnywaji wa kibuyu angekiona kitamu cha kupendeza. Ijaze katika chupa ya Primus na uikaze. Ndani yake kuna zaidi ya gramu 14 za sukari, na chachu ikizimaliza zitatoka zaidi ya lita tatu na nusu za gesi katika chombo kisichofika lita moja. Shinikizo hilo linakaribia lile la chupa ya shampeni, ambayo kioo chake ni kinene na kizibo chake hufungwa kwa waya. Chupa iliyokwisha kuzunguka sokoni miaka kadhaa, yenye mikwaruzo na pengine ufa usioonekana, haina ubavu huo. Inapasuka, na vipande vyake vinaruka usawa wa uso wa mtu anayeiinua.

Bidoni ya plastiki, kidumu cha manjano cha lita 20 kilichokwisha kubeba mafuta, imekuwa mwalimu mpole zaidi. Akina mama wanaoshusha kasiksi mjini kutoka Kabare, na wanaoipokea kutoka kisiwa cha Idjwi na Kalehe kwa njia ya ziwa, wanajua kwamba kifuniko hakikazwi. Hulegezwa, au mdomo huzibwa kwa jani kama wa kibuyu. Aliyesahau akakaza huona ubavu wa bidoni ukivimba na kuwa wa mviringo, hadi haisimami wima chini. Basi hufungua polepole, kwa kidole gumba, povu likimwagika mikononi. Plastiki huonya kwanza. Kioo hakionyi. Mama huyo hana kipimo cha Balling, lakini amejifunza kutoka katika bidoni jambo lilelile ambalo kipimo kingemwambia: pombe inayovimbisha chombo bado inakula.

Biashara hii si ya pembeni. Mijini imeangukia zaidi mikononi mwa wanawake, na katika miaka ya vita tangu 1996, ng'ombe walipoporwa na mashamba ya mbali kuachwa, shina la migomba karibu na nyumba lilikuwa mojawapo ya vitu vichache vilivyoendelea kuzaa fedha. Limepata adui pia. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, uliotambuliwa kwanza Ethiopia, ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, kisha ukashuka kusini hadi Kalehe. Unachagua vibaya: wadudu huubeba kutoka ua la mgomba hadi ua, na baadhi ya ndizi za pombe ndizo zinazoambukizwa kirahisi zaidi kwa njia hiyo. Majani hunyauka, tunda huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Ndizi ya namna hiyo haitoi mutobe. Ndizi zikiadimika wengine huongeza sukari ya dukani katika mtumbwi, na pombe ya sukari ya dukani haifuati kalenda ya zamani. Ishara alizofundishwa mtu na mama yake zinaanza kumdanganya.

Bia ya kiwandani nayo haina kinga. Mapema mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu, kazi ya Bralima ilisimama, na Juni mwaka huohuo Heineken, waliokuwa wamiliki wake wakuu wakati huo, walitangaza kwamba watu wenye silaha wameshika mitambo yao na kwamba wamewaondoa wafanyakazi wote waliokuwa wamebaki Bukavu na Goma. Kiwanda chenye mitambo ya baridi, maabara na wapimaji kilisimamishwa na vita. Shimo la kuvundikia ndizi halina lango la kufungwa.

Ndiyo maana suala la kuitia kasiksi chupani linastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko linavyochukuliwa. Inawezekana. Arusha, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikiuza pombe ya ndizi katika chupa zilizofungwa tangu miaka ya 1990, na imeonyesha kwamba mnywaji wa mjini yuko tayari kuilipia. Anayetaka kufanya hivyo Kasha hahitaji kuanza na kiwanda. Anahitaji kukubali kwamba chupa inadai pombe tofauti na ya kibuyu: iliyoachwa hadi mwisho, isiyo na utamu uliobaki, iliyotulia mpaka mashapo yameshuka na juu pameanza kung'aa. Katika baridi ya vilima hivi, siku tatu za mtumbwini hazitoshi. Baada ya kuchujwa huhamishiwa katika chombo safi kinachopitisha gesi nje bila kuingiza hewa, kama vile bidoni yenye mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko na kuzama katika chupa ya maji. Mapovu yakikoma majini, inaonjwa au inapimwa; baada ya siku mbili au tatu inapimwa tena. Vipimo viwili vikiwa sawa, sukari haishuki tena. Vikitofautiana hata kidogo, inangojwa.

Kwa asiye na kipimo kuna njia ambayo watengenezaji wa bia za nyumbani katika nchi nyingi huitumia, na ambayo mtu wa Kasha angeielewa bila maelezo marefu. Siku ya kujaza chupa za kioo, hujaza pia chupa moja ya plastiki ya soda kutoka katika pombe ileile, akaikaza na kuiweka pamoja na nyingine, mahali penye kivuli. Kila asubuhi huibonyeza. Ikibaki laini, au ikawa ngumu kiasi cha soda mpya na kuishia hapo, chupa za kioo ziko salama. Ikiwa ngumu kama jiwe na chini yake kuanza kutuna, chupa zote hufunikwa kwa gunia zito lililoloweshwa, hufunguliwa moja moja kupitia kitambaa, na kasiksi yote hurudishwa katika bidoni yenye kifuniko kilicholegea.